Mtoto njiti amerudi nyumbani na dawa ya kafeini: mliacha lini, na nani aliamua?

#1 MamaWaWiki29
Habari wakuu. Naomba uzoefu wa waliopitia.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, kilo 1.1. Tumekaa wodi ya njiti wiki saba, tumeruhusiwa siku tisa zilizopita akiwa na kilo 2.0 kamili. Tumetoka na chupa ndogo ya kafeini sitreti ya maji, miligramu 20 kwa kila mililita. Nampa 0.8 kila asubuhi kwa lile bomba jembamba la mililita moja, lisilo na sindano.

Kinachonisumbua ni hiki. Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto wa wiki zilezile. Wao dawa ilikatwa, wakaangaliwa siku saba, mashine haikulia hata mara moja, wakaondoka bila dawa. Wetu naye alikatiwa, siku ya nne pumzi ikasimama, midomo ikawa ya bluu mbele ya macho yangu. Akarudishiwa, akatulia, tukaambiwa nendeni nayo. Kila ninayemuuliza tuendelee hadi lini ana jibu lake. Mmoja kasema mpaka atimize wiki 40 tukihesabu na zile za tumboni, mwingine 44, wa tatu kasema msiongeze dozi tu, atakua na dawa itamwishia yenyewe.

Na usiku halali. Analia, anajinyonganyonga, anakunja miguu. Ni dawa hii au ni nini?

#2 BabaPacha
Hongera kwa kutoka wodini, mama. Kutoka tu ni safari.

Wangu ni pacha wa wiki 31. Tumbo moja, siku moja, wodi moja, lakini wa kwanza alitoka bila dawa na wa pili alitoka nayo. Aliyekuwa analia usiku kucha ni yule ASIYE na dawa. Mwenye kafeini alilala kama jiwe. Kwa hiyo usiikimbilie dawa kuipa lawama.

#3 MpitaNjia
Samahani wakuu, kafeini hii ndiyo ile ya kwenye kahawa? Sasa chupa ikiisha kabla ya kliniki si anapewa kijiko cha chai ya rangi?

#4 NesiZamuUsiku
#3 ni kitu kilekile ndugu yangu, lakini jibu la chai ni HAPANA, na naomba mtu asiondoke hapa na wazo hilo. Kikombe cha chai hujui kina miligramu ngapi. Cha leo si sawa na cha jana. Mtoto wa kilo mbili anapimiwa kwa sehemu za mililita. Chupa ikikaribia kuisha unapiga simu mapema.

Kwa mleta uzi: njiti anasahau kupumua kwa sababu sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi, pale chini kwenye shina, haijakomaa. Tunaita apnia pale pumzi inaposimama sekunde 20 au zaidi, au hata chini ya hapo ikiwa mapigo ya moyo yanashuka au oksijeni inashuka. Kafeini inaziba milango ya adenosini, kemikali inayotuliza ubongo, hivyo ile amri ya kupumua inapata nguvu. Inaamsha pia kiwambo, msuli wa chini ya mapafu.

Mtoto wako alifeli jaribio la kuacha, wa jirani alifaulu. Ndiyo tofauti, wala si kwamba mmoja alitunzwa vibaya. Halafu kafeini inakaa mwilini mwa watoto hawa masaa 100 kabla ya kuisha.

#5 MfamasiaWaWatoto
Nesi yuko sahihi ila hapo mwisho naomba nirekebishe. Masaa 100 si muda wa kuisha, ni muda wa NUSU yake kuondoka. Mtu mzima nusu inaondoka kwa kama masaa 5. Njiti wa siku za mwanzo anachukua kama siku nne, kwa sababu ini lake halijawa na kimeng'enya cha kuivunja na karibu yote inatoka kwenye mkojo vilevile ilivyoingia. Kadiri anavyokua muda unapungua, na katikati ya mwaka wa kwanza anakaribia mtu mzima.

Hii inaeleza mambo mawili ya #1. Kwanza, kwa nini ni dozi moja tu kwa siku. Pili, kwa nini alisimama pumzi siku ya NNE na si kesho yake. Siku tatu za kwanza alikuwa bado anatembea na dawa ya zamani. Ndiyo maana wodini wakikata wanasubiri siku tano hadi saba au zaidi kabla ya kuruhusu.

Na kwa wanaorudi nayo nyumbani: ukisahau dozi ya leo, usimpe mbili kesho. Akitapika baada ya kunywa, usirudie kwa kubahatisha, piga simu kwanza.

#6 DadaLatifa_M
Mimi kilichonisaidia usingizi ni kuhamisha saa. Tulikuwa tunampa jioni, tukahamia asubuhi, wiki hiyohiyo akaanza kulala. Mleta uzi unampa saa ngapi?

#7 MamaWaWiki29
Saa mbili asubuhi, dada. Tangu mwanzo.

#8 MfamasiaWaWatoto
#6 kwa heshima zote, dawa ambayo nusu yake inachukua siku kadhaa kutoka, kiwango chake saa mbili asubuhi na saa mbili usiku hakitofautiani sana. Huenda alikuwa tayari amefikia umri wa kutulia.

#9 DadaLatifa_M
Mkuu wewe una hesabu, mimi nilikuwa na mtoto mkononi saa nane za usiku. Nilichokiona nimekiona.

#10 BibiMlezi
Wanangu nyote mnaitazama chupa. Mtoto huyu kakaa wiki saba kwenye chumba chenye taa, mashine zinalia, watu wanapita. Leo mmemweka kwenye chumba chenye giza na kimya. Ni lazima ashangae! Mrudishe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mlivyofundishwa wodini. Ile kangaruu haiishii getini. Nimelea njiti wawili wa binti yangu hivyo, nikiwa nimekaa kitini macho wazi, siyo kitandani nimesinzia naye.

#11 Kijana_wa_Zamani
Anakunja miguu na kujinyonganyonga? Kwetu ilikuwa kucheua. Maziwa yanapanda kooni yanamchoma. Tukaambiwa kafeini yenyewe inaweza kuongeza hilo kwa sababu inachochea asidi na kulegeza mlango wa juu wa tumbo. Kwa hiyo huenda ni dawa kweli, ila siyo kwa njia anayodhani mleta uzi. Haimnyimi usingizi kichwani, inamsumbua tumboni.

#12 NesiZamuUsiku
Au ni gesi tu kama watoto wote. Au dozi imezidi. Kabla ya kuchagua, mama tuambie: moyo unakwenda mbio? Mikono inatetemeka hata ukimshika? Anatapika? Uzito unapanda? Hizo ndizo dalili za kafeini nyingi. Kulia peke yake hakutoshi.

#13 MamaWaWiki29
Hatetemeki. Anacheua kidogo, si kutapika. Uzito jana 2.2. Moyo sijui kupima.

#14 MpigaHesabu
Nimesoma #12 nikaona lazima niseme yetu, maana ilitokana na hesabu na ningependa isimpate mwingine.

Chupa ya kwanza ilitoka hospitali, imeandikwa kafeini sitreti 20 mg kwa mililita. Tulikuwa tunatoa 0.7. Ikaisha, tukapata nyingine duka la dawa. Lebo mpya: kafeini 10 mg kwa mililita. Nilisimama jikoni nimeshika chupa zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Nikajiambia hii mpya ni nyepesi, nguvu nusu, basi ili mtoto apate kilekile nitoe 1.4. Bomba la mililita moja halikutosha, nikavuta mara mbili. Hilo peke yake lilitakiwa kunishtua.

Siku mbili. Siku ya tatu mke wangu akaweka kiganja kifuani kwa mtoto akasema, "Baba fulani, njoo usikie moyo huu." Ulikuwa unakwenda kama mtu anayekimbizwa. Vidole vinatetemeka, maziwa yote anatapika, macho makavu hayafumbi. Tukarudi hospitali, wakaacha dawa, wakamweka chini ya monita siku kadhaa mpaka ikashuka. Yuko salama, leo anatembea.

Kosa: zile chupa zilikuwa na NGUVU ILEILE. Moja imeandika uzito wa chumvi nzima, kafeini pamoja na sitreti. Nyingine imeandika kafeini yenyewe tu. Miligramu 20 za sitreti ndani yake kuna kafeini 10. Hakuna aliyetuambia dukani, na mimi sikuuliza.

#15 MfamasiaWaWatoto
Asante sana kwa kuliandika hili mkuu. Limenigusa kwa sababu ndiyo kosa ninaloliogopa kuliko yote kwenye dawa hii. Na kuna upande wake wa pili: zipo chupa zinazochanganywa kwa oda zikiwa kweli na nguvu tofauti, sitreti 10 kwa mililita kwa mfano. Hapo ukiendelea na mililita zilezile mtoto anapata nusu dozi. Lebo mbili zinafanana kwa namba 10, maana zao ni mbalimbali kabisa.

Kwa hiyo chupa mpya ikija, usibadilishe mililita mwenyewe na usiendelee na za zamani kimyakimya. Nenda na chupa zote mbili na bomba lako, muulize anayekupa: "Nivute hadi mstari upi?" Akuonyeshe kwa kidole, weka alama ya kalamu.

Na vile vichupa vidogo visivyo na kihifadhi, ukishafungua kimoja kinachobaki kinamwagwa. Hakiwekwi mpaka kesho.

#16 BabaPacha
#14 pole kaka. Mimi ningefanya hesabu hiyohiyo na ningejiona mwerevu.

#17 Mwl_Sayansi
Tumetoka kwenye swali. Mleta uzi ameuliza HADI LINI. Mimi naona waendelee hata miezi. Ule utafiti mkubwa wa Barbara Schmidt na wenzake ulihusisha watoto 2,006, matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 2006 (ndiyo, namba zimefanana). Waliopewa kafeini, ugonjwa sugu wa mapafu ulipungua kutoka kama asilimia 47 hadi 36. Mwaka uliofuata wakaonyesha mtindio wa ubongo ulipungua kutoka 7.3 hadi 4.4 wakiwa na umri wa miezi 18 hadi 21. Dawa inayolinda ubongo unaikatia nini?

#18 DaktariMwanafunzi
Mwalimu, namba ni zenyewe lakini hazijibu swali hili. Wale walizaliwa na gramu 500 hadi 1,250, walianzishiwa dawa siku kumi za kwanza za maisha, na walipewa wakiwa hospitali, wengi wakaachishwa kabla ya kutoka. Faida ile ni ya kuanza mapema. Haisemi lolote kuhusu mtoto wa wiki 37 aliyeko nyumbani. Na usisahau utafiti huohuo ulionyesha wenye kafeini waliongezeka uzito polepole zaidi wiki tatu za mwanzo.

Utafiti wa swali letu upo. Umechapishwa 2025, watoto zaidi ya 800 waliozaliwa wiki 29 hadi 33. Nusu waliendelea na kafeini mpaka siku 28 baada ya kuruhusiwa, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Matumaini yalikuwa wenye dawa watoke hospitali mapema. Hawakutoka mapema.

#19 Kijana_wa_Zamani
Kwa hiyo haina kazi?

#20 DaktariMwanafunzi
Sijasema hivyo. Utafiti uliuliza kama kumpa KILA mtoto kutafupisha kulazwa. Mtoto wa #1 si kila mtoto. Yeye alijaribiwa kuachishwa akasimama pumzi. Kwake swali ni kumpeleka nyumbani na dawa au kumweka wodini mpaka akomae bila dawa. Ziko wodi ambazo hazimruhusu mtoto yeyote na kafeini kwa kanuni, na ziko zinazoruhusu kwa kuchagua. Wote wana hoja.

#21 NesiZamuUsiku
Na kuna hoja ya tatu. Njiti wengi hata baada ya apnia kuisha wanaendelea kuwa na vishuko vifupi vya oksijeni ambavyo jicho halivioni. Utafiti mdogo wa 2014 uliona kwamba kuendeleza kafeini kulipunguza vishuko hivyo wiki za 35 na 36. Kama kupungua huko kunamsaidia mtoto ubongo baadaye, hapo ndipo wanapobishana hadi leo.

#22 MamaWaWiki29
Nawashukuru. Sasa lile la "atakua na dawa itamwishia" maana yake nini hasa?

#23 MpigaHesabu
Hesabu hii nairudia mara tatu kabla ya kuituma. 0.8 ya chupa yako ni miligramu 16. Kwa kilo 2.0 ilikuwa 8 kwa kila kilo. Jana ana 2.2, ni kama 7.3. Akifika 2.6 itakuwa kama 6.2, akifika 3.2 itakuwa 5. Mililita hazijabadilika, mtoto ndiye kabadilika. Na ini linakomaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwenye damu inashuka haraka kuliko hesabu yangu.

#24 DadaLatifa_M
Sisi ilikuwa tofauti, kliniki walipandisha dozi kila wakipima uzito mpaka wiki 42, halafu wakakata siku moja. Waliogopa aina ya #23 kwa sababu huwezi kujua siku gani hasa mtoto ameanza kuishi bila dawa. Ukikata siku moja unajua uangalie siku zipi.

#25 BabaPacha
Sisi tuliachwa akue nayo. Nilikuwa na daftari, kila usiku nahesabu pumzi kwa dakika nzima, naandika.

#26 BibiMlezi
Baba Pacha na daftari lake! Mkeo alipataje usingizi na tochi yako?

#27 BabaPacha
Hakupata, bibi. Ila daftari lilisaidia. Nilipeleka kliniki nikiwa na hofu kwamba anapumua haraka, anasimama, anapumua haraka tena. Wakanionyesha kwamba visimamo vyangu vilikuwa sekunde tano, nane, kumi, rangi yake nzuri, kisha anaendelea mwenyewe. Ile ni pumzi ya mawimbi, watoto wengi wadogo wanayo, haihitaji dawa. Wiki mbili nilikuwa nalia kwa jambo la kawaida.

#28 MpitaNjia
Si bora wanunue mashine ya kuangalia pumzi nyumbani wakalala?

#29 NesiZamuUsiku
Baadhi ya wodi zinamtoa mtoto wa kafeini na monita, nyingine hapana. Madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 hawakushauri monita za nyumbani kwa njiti wote. Utafiti wa 2001 uliwafungia watoto mashine nyumbani, ikaonekana hata waliozaliwa miezi tisa kamili walikuwa na matukio yanayoliza mashine. Njiti walikuwa nayo mengi zaidi mpaka kama wiki 43, baada ya hapo wakalingana na wenzao. Nadhani ndipo inapotokea ile 43 au 44 aliyoambiwa #1.

Ukipewa monita, jifunze kwanza kumgusa, kumwinua, na kumpulizia pumzi. Mlio bila mikono inayojua cha kufanya ni hofu tupu.

#30 Kijana_wa_Zamani
Na hiyo kafeini inamkinga na kifo cha ghafla usingizini. Hilo peke yake linatosha kuendelea.

#31 DaktariMwanafunzi
Hapana mkuu, hilo halijathibitishwa, na apnia ya njiti haijaonekana kuwa ndiyo chanzo cha vifo vile. Kinachojulikana kusaidia ni kumlaza chali, godoro gumu, hakuna mto wala blanketi la kumfunika uso, hakuna moshi wa sigara, na maziwa ya mama. Mzazi asimlaze kifudifudi akidhani dawa inamlinda.

#32 DadaLatifa_M
Niongeze la kutosahau: mkienda popote kwa matibabu, semeni alikuwa njiti na yuko kwenye kafeini. Wangu alifanyiwa upasuaji wa ngiri akiwa na miezi miwili, nikaambiwa watoto hawa wanaweza kusimama pumzi baada ya nusukaputi, akalazwa usiku mzima kuangaliwa. Hata chanjo za kwanza, kwa waliozaliwa wadogo sana, wengine huangaliwa. Mafua pia. Pumzi ikirudi kusimama ghafla wakati alikuwa amepona, ni kukimbia hospitali. Msiseme tu dawa imepungua, inaweza kuwa maambukizi.

#33 MamaWaWiki29
Nimerudi kliniki leo. Nilikwenda na chupa, bomba na kikaratasi chenye hesabu ya #23. Daktari alikisoma chote akauliza nani kaandika.

Moyo 152, akasema ni sawa. Kilo 2.4. Kuhusu kulia, yeye anaelekea kwenye kucheua kama #11: tumpe maziwa kidogokidogo na tumshike wima baada ya kunyonya. Nesi aliyekuwa pembeni akasema hapana, ni mtoto anayezoea nyumba, kama bibi #10. Hawakukubaliana mbele yangu.

Dawa inabaki 0.8, hatupandishi. Akitimiza wiki 40 tunarudi, tunakata wakiwa wamemwona siku hiyo, na baada ya siku tano tunarudi tena. Nimeweka alama nyekundu kwenye bomba.

#34 MfamasiaWaWatoto
Omba bomba la akiba nalo liwekwe alama. Zile namba ndogo zinafutika kwa kuoshwa.

#35 MpigaHesabu
Siku tano ziko sawa ila usilegeze macho hapo. Wako alisimama siku ya nne mara ya kwanza, na sasa anaitoa haraka zaidi, inaweza kuwa mapema au isiwepo kabisa.

#36 MamaWaWiki29
Nimeandika kalenda ukutani, siku ya kukata na siku saba baada yake. Usiku ule wa nne mume wangu kaomba zamu yeye. BabaPacha, lile daftari ulikuwa unahesabu pumzi mtoto akiwa amelala fofofo au hata akiwa anachezesha macho?

#37 BabaPacha
Vyote, lakini andika pembeni ni ipi. Akiwa anachezesha macho pumzi inavurugika yenyewe. Weka kiganja chepesi tumboni, usitumie tochi, bibi atatusema wote.